Koti la Singida

"Koti? Jua hili?"

Somoe hakukusudia kusema kwa nguvu, lakini Tandika siku ya Jumamosi ukisema taratibu hujisikii hata mwenyewe. Alikuwa ameinama kwenye rundo la mitumba akichambua sketi za kazini, dera lake la kijani limefungwa fundo kiunoni lisiburuzike. Mbele yake mwanaume mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, alikuwa anajaribu koti zito la sufu lenye kola ya manyoya. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni.

"Naona linanitosha," alisema yule mwanaume.

"Linakutosha kufa. Unakwenda wapi braza, Ulaya?"

"Singida."

"Singida kuna barafu?"

"Kuna upepo. Nilikwenda mwezi wa saba, nikalala na soksi. Hebu niambie, rangi inanikubali?"

"Rangi ya gunia. Inakukubali sana."

Muuzaji alicheka, akaona mteja amekolea, akapandisha bei. Somoe akaishusha palepale, maana hakuweza kumtazama mtu akipigwa mchana kweupe. Mwanaume akamshukuru kwa glasi ya juisi ya miwa, wakainywea chini ya turubai. Jina lake Walid. Kwao Kipawa, ambako baba yake alikuwa na duka la nafaka. Yeye alilikimbia duka akasomea mitambo, na sasa alikuwa amepata kazi ya kukifungua kiwanda kizima cha mafuta ya alizeti pale Chang'ombe, nati kwa nati, na kwenda kukifunga upya Singida.

Somoe aliacha kunywa. "Kiwanda gani?"

"Cha mzee Saifuddin. Unakijua?"

"Niko maabara pale mwaka wa sita. Hatujaambiwa kitu."

Walid alilitazama koti kama vile ndilo lililoropoka. "Mungu wangu. Bibie, hujasikia kwangu."

"Nimesikia kwako. Naitwa Somoe. Ikiwa uongo, nakufuata Kipawa kwa baba yako."

Haukuwa uongo. Wiki haikuisha kabla Maliha, binti wa mzee Saifuddin na ndiye aliyekuwa akiendesha kiwanda, hajawakusanya wafanyakazi kwenye uwanja wa kupakia mizigo. Alisimama juu ya kreti na rida yake ya waridi, vazi la wanawake wa Kibohora, akasema bila kuzunguka.

"Mbegu zinalimwa Singida. Sie tunazibeba kwa malori mpaka Temeke, tunakamua, halafu mafuta mengine tunayarudisha hukohuko. Hapa hatuna pa kuongeza hata mashine moja. Kule tuna eneo, tutafunga mtambo wa pili, vijana wa kule watapata kazi, wakulima watauza getini. Mnaotaka kuja, nafasi zenu zipo. Msiotaka, mtalipwa haki zenu. Mniambie mapema."

Wachache walipiga makofi. Wengi walitazama viatu vyao. Mtu aliyejenga Mbagala, watoto wako shule, mkewe ana genge, hafunguliwi nati na kupakiwa kwenye lori.

Somoe alinyoosha mkono siku hiyohiyo. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na tangu amalize chuo alikuwa hajatoka nyumba ya wazazi wake hapo Mtoni. Kazi ile ya kupima mafuta aliipenda, na mshahara aliushika kwa mkono wake. Kama kazi inakwenda Singida, naye anakwenda.

Miezi iliyofuata Walid alikuwa akifungua mashine upande mmoja wa ukuta, Somoe akipima mafuta ya mwisho upande wa pili. Saa ya chakula aliingia maabara na ovaroli imelowa grisi.

"Toka na uchafu wako, utaniharibia sampuli."

"Sampuli ni wewe, mrembo. Nimekuja kukagua."

"Umenawa?"

"Nimenawa mpaka kwenye viwiko. Nuka."

"Unanuka dizeli."

"Ni marashi ya kwetu Kipawa."

Jioni alipiga simu, na wakiagana alisema neno lilelile: "Nikishafunga mtambo wa kwanza natuma wazee kwenu. Jiandae." Somoe alijibu kwamba wazee waje na huyo mwenye koti la gunia amuone tena. Mama yake, Bi Mwantumu, alikuwa akiyasikia yote chumba cha pili, akijifanya anahesabu shanga za tasbihi.

Kisha baba yake Somoe alianguka bafuni, presha, na jioni hakuwa nao tena.

Walid alilibeba jeneza. Alichimba kaburi pamoja na wanaume wa mtaa, akapanga viti, akavipangua. Bi Mwantumu alivua bangili zake, akaingia eda. Miezi minne na ushee mjane hatoki nyumbani ila kwa dharura, hajipambi, na mwanaume asiyekuwa mtu wake wa karibu akija, husema naye nyuma ya pazia. Somoe alikuwa mtoto pekee. Soko likawa lake, gesi ikawa yake, maji yake, wageni wa kutoa pole wake.

Malori ya kwanza yaliondoka na Walid akaondoka nayo. Akaanza kupiga simu za namna nyingine.

"Mama anaendeleaje?"

"Hajambo."

"Na wewe?"

"Nipo. Huko vipi?"

"Kazi tu. Haya, mpumzike."

Hakumwambia kuhusu nyumba za wafanyakazi. Hakutaja wazee. Hakumwita mrembo. Somoe alikata simu, akakaa kitandani akitazama ukuta. Mtu asiyeambiwa kitu hujiambia mwenyewe, na anachojiambia huwa ni kibaya.

Ukweli ulikuwa mdogo na wa kijinga. Walid alilelewa na bibi yake. Bibi alipofiwa, nyumba yao ilizimwa redio, na mtu aliyetaja harusi au safari mbele ya mjane alipigwa kibao. Mtoto alishika hivyo: nyumba yenye eda haiulizwi jambo lolote mpaka eda iishe. Basi Maliha alipompigia kumuuliza kama Somoe anakuja, maana msimu uko mlangoni, Walid alijibu kwa heshima zote:

"Nyumba yao ina eda, dada. Tusiwasumbue."

Maliha naye aliijua eda, tena kwao ni kali zaidi. Alisema "Masikini, kweli," akaajiri binti wa hukohuko Singida.

Aliyelitoboa jambo hilo ni Kokushubila, rafiki yake Somoe wa kitengo cha kufungasha, aliyehama mapema. Alipiga simu, upepo unavuma kwenye laini.

"Shoga, mbona kiti chako kina mtu?"

"Kiti gani?"

"Cha maabara. Kuna Jovina hapa, kasichana kazuri, kanafanya kazi. Nimemuuliza dada Maliha, anasema masikini, Walid ndiye aliyesema huji."

Somoe hakulia. Alimpigia Walid.

"Ulimwambia Maliha siji?"

"Sikusema huji. Nilisema mna eda, wasikusumbue."

"Wasinisumbue! Kazi yangu ni usumbufu?"

"Mpenzi, ilikuwa heshima kwa mama..."

"Umenifungia mlango halafu unaita heshima. Kama ulikuwa hunitaki huko ungesema, nina masikio."

"Somoe, nisikilize..."

Akakata. Akamfungia namba.

Baada ya hapo siku zikafanana. Kiwanda cha Chang'ombe kikabaki kuta na matundu ya bolti sakafuni. Alikwenda mara moja kuchukua koti lake jeupe la maabara, akasikia nyayo zake zikimrudia, hakwenda tena. Alizunguka na vyeti vyake viwanda vya Barabara ya Nyerere mpaka walinzi wakamzoea. Sokoni, nyumbani. Nyumbani, sokoni. Jua likizama alifunga dirisha la sebule kwa ajili ya mbu, na chumba kikawa kama sanduku. Mama yake chumbani, yeye sebuleni, katikati pazia la maua. Alianza kuvaa kama mama yake, bila hereni, bila wanja. Hakuna aliyemwambia avae hivyo.

Alasiri moja mtu alipiga hodi. Somoe akafungua. Walid alikuwa barazani, macho mekundu kwa safari ya basi, koti la sufu begani, jogoo mkubwa kwapani.

Somoe alianza kufunga mlango.

"Nani huyo?" Bi Mwantumu aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Hakuna mtu, mama."

Jogoo akawika.

"Hakuna mtu ana jogoo?"

"Shikamoo mama, ni mie Walid."

"Marahaba. Ingia, kaa kwenye mkeka, usisogee. Somoe, acha mlango wazi, ukae hapo."

Wakakaa. Pazia lilitikisika kidogo, wakajua mama amevuta kigoda. Walid alimshika jogoo miguu, akatazama sakafu.

"Mama, nimekuja kumuomba radhi Somoe. Lakini naona haifai kuyazungumza nyumba ikiwa kwenye eda. Nitarudi ikiisha."

"Nyumba haikai eda. Nyumba ina mume? Aliyefiwa na mume ni mie."

"Kwetu tulifundishwa..."

"Mlifundishwa kumstahi mjane, vizuri. Mjane ni mie, na mie siposwi sasa. Au umekuja kuniposa mie?"

"Hapana mama!" Walid alishtuka mpaka jogoo akamponyoka, akarukia meza ya televisheni. Somoe alicheka kabla hajajizuia, akaziba mdomo.

"Basi nani alikutuma umjibie binti yangu kazini kwake? Mtu anaulizwa mwenyewe. Akitaka kukataa, atakataa mwenyewe."

"Nilikosea, mama."

"Ulikosea. Na wewe unayecheka." Sauti iligeukia upande wa Somoe. "Mie sheria imenifunga, tena kwa muda. Wewe umejifunga mwenyewe, hata muda hukujiwekea. Hereni zako ziko wapi?"

"Nani angekwenda sokoni, mama? Nani angekuchotea maji?"

"Wifi yangu aliomba kuja kutoka Mafia tangu matanga. Nikamwambia asije." Pazia lilitulia. "Nilikuwa napenda kukusikia unaosha vyombo. Hapo nje ukigonga sufuria, nasema, yupo. Lakini kupenda kwangu si sababu ya wewe kuoza hapa."

Somoe alifuta macho kwa upande wa khanga, halafu hasira ikampanda.

"Nyote mnanipenda. Huyu ananistahi, wewe unanionea huruma, Maliha ananiita masikini. Aliyeniuliza nani?"

Akachukua simu, akampigia Maliha, akaweka spika.

"Somoe! Tulisema tusikusumbue mpaka eda..."

"Eda ni ya mama, dada. Mie nataka kazi."

"Basi nimekosa, nisamehe. Lakini maabara ina mtu, na kazi anaiweza, siwezi kumtoa. Nilichonacho ni getini. Mavuno yameanza, nataka mtu wa kupima unyevu wa mbegu za wakulima kabla hazijapokelewa. Ni kusimama juani na vumbi, mshahara ni mdogo kuliko wa maabara. Mtambo wa pili ukiwaka tutahitaji zamu mbili za maabara. Siahidi."

"Mnaanza lini?"

"Tumeshaanza. Jumatatu uwepo."

"Nitakuwepo."

Alipokata simu, Walid alijikohoza. "Mama, na lile jambo jingine..."

"Lile jingine utaleta wazee. Siwezi kupokea posa nyuma ya pazia na jogoo juu ya televisheni. Somoe atakaa kwa Kokushubila. Nikitoka eda napanda basi mwenyewe kuja kuwaozesha, na nikikuta hata mswaki wake umehamia kwako, narudi naye."

"Sawa, mama."

"Na wewe," Somoe alimwambia, "siku nyingine ukitaka kujua naenda wapi, uniulize mie."

"Nakuuliza sasa. Utakubali nikuoe?"

"Niulize nikiwa Singida, nimeshapokea mshahara wangu wa kwanza. Mshike jogoo wako, anachafua meza."

Wifi alifika Jumamosi na mkungu wa ndizi na maneno mengi. Jumapili asubuhi bajaji ilingurumia barazani, Walid akapakia begi. Somoe alisimama mbele ya pazia la maua akiwa amevaa hereni zake. Mama yake hakuwa na ruhusa ya kumsindikiza stendi, wala hakuitafuta. Alifungua pazia, wakakumbatiana kwa muda mrefu, kisha akalirudisha.

"Nenda, utachelewa. Koti liko wapi?"

"Analo Walid."

"Ulichukue. Huko kuna upepo."

Bajaji ilipoanza kuondoka Somoe aligeuka. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini dirisha la sebule, lile alilokuwa akilifunga kila jioni, lilikuwa wazi, na mkono usio na bangili ulikuwa umeshika nondo. Haukupunga. Ulishika tu.

Hawajafika barabara ya lami simu ikaita.

"Umevaa koti?"

"Mama, jua limeshaanza kuchoma!"

"Sijauliza jua."

Walid alikuwa akicheka kimyakimya upande wa pili wa kiti, na dereva akitazama kwenye kioo. Somoe alilivuta koti la rangi ya gunia, akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili. Nyuma ya sauti ya mama yake alisikia sufuria ikigongwa, wifi akiosha vyombo.

"Nimevaa, mama."

"Vifungo?"

Jasho lilikuwa limeshafika kidevuni. Akavifunga vyote.