Makopo Matatu ya Sabuni ya Yangeyange

Ngoma kubwa ilisikika kabla ya kuonekana chochote. Du! Du! Du! Vikombe vikatikisika kabatini kwa Bi Eunike. Kisha tarumbeta zikalia, na ndipo bendi ikakunja kona ya soko la Moshi. Wapigaji walivaa kofia nyekundu na viatu vyeupe. Nyuma yao watu walijaa barabara nzima kama siku ya Idi. Mbele ya wote alitembea Mikidadi, ameinua kipande cha sabuni juu kama mtu aliyeshinda kombe.

Mikidadi alikuwa mpika sabuni. Yeye na mkewe Zuleha walipika sabuni ya kufulia nyuma ya nyumba yao, karibu na soko. Walichemsha mafuta ya ng'ombe na magadi katika pipa, wakamimina kwenye visanduku vya mbao, wakakata kwa waya. Kila kipande walikipiga muhuri wa yangeyange, yule ndege mweupe anayefuata ng'ombe malishoni. Ilikuwa sabuni nzuri. Ilitoa hata utomvu wa ndizi, na kila mtu wa Kilimanjaro anajua jinsi doa la utomvu lilivyo kaidi. Lakini siku zile za Mwingereza, watu wengi walizoea sabuni za madukani zilizokuja kwa treni. Yangeyange hawakumjua.

Kaka yake Mikidadi, Alawi, alikuwa nyapara katika shamba la mkonge upande wa Tanga. Alikuwa amemtafutia mdogo wake kazi ya mkataba. Mikidadi alikubali kwamba kama sabuni isipotoka kufikia msimu wa kuchuma kahawa, atauza pipa na kupanda treni. Zuleha hakubishana naye. Lakini sanduku la bati la safari lilikuwa limekwisha teremshwa kutoka darini, mashati ya mumewe yamepangwa ndani, na kila alipopita karibu nalo aligeuza uso.

Ndiyo sababu Mikidadi aliiita bendi. Aliwalipa kwa sabuni, sanduku zima.

Jioni ile alirudi nyumbani sauti imemkauka kwa furaha.

"Moshi nzima imetuona leo," alisema.

Zuleha alitazama sabuni zilizopangwa ukutani, zimefika karibu na dirisha.

"Wametuona, baba Adija," alijibu. "Na sabuni nazo bado zinatuona."

Jirani yao Bi Eunike aliingia wakati huohuo na kibuyu cha maziwa. Alikuwa mjane, mwenyeji wa mlimani. Yeye na marehemu mumewe walikuwa na duka mjini kwa miaka mingi, na biashara aliijua. Walimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi. Kisha akamwuliza Mikidadi: kabla ya bendi, sanduku moja la sabuni lilikaa muda gani kabla ya kwisha? Mikidadi hakujua. Akamwuliza tena: na sasa, baada ya bendi, litakaa muda gani? Hilo nalo hakulijua.

"Basi umejuaje kwamba ngoma imekusaidia?"

"Mama, hukuuona umati ule?"

"Niliuona. Nami nilikuwa ndani yake. Nilitoka kutazama kijana wa tarumbeta anavyojipinda, nikarudi kupika. Umati umefuata ngoma, mwanangu. Wewe unamtafuta aliyefuata sabuni."

Halafu akamkumbusha jambo lililomwuma zaidi. Siku ile ilikuwa siku ya soko huko Marangu. Kina mama wanaobeba mikungu ya ndizi, ambao nguo zao ndizo zenye utomvu, walikuwa wote juu mlimani. Bendi ilipiga huku chini kwa watu wenye nguo safi.

Zuleha aliuma midomo asicheke.

Bi Eunike aliwaonyesha la kufanya. Wachukue makopo matatu matupu. La kwanza wafunge kipande cha ngozi ya ngoma. Hilo ni la mteja aliyeletwa na bendi. La pili wafunge kitambaa cha kanga. Hilo ni la aliyeambiwa na mwenzake. La tatu wafunge jani kavu la mgomba, kwa ajili ya aliyeijaribu sabuni mwenyewe kwenye utomvu. Kila anayenunua aulizwe kilichomleta, kisha punje moja ya hindi iingie katika kopo lake. Akiwa ni mtu aliyerudi kununua tena, iwekwe haragwe badala ya hindi.

"Haragwe lipendeni zaidi," alisema Bi Eunike. "Mara ya kwanza mtu hununua kwa sababu umemwita. Mara ya pili hununua kwa sababu sabuni imefanya kazi."

Mikidadi alianza kesho yake. Alisimama mlangoni na kofia nyekundu ya bendi kichwani. Kila mteja alimwuliza kwa tabasamu pana kama aliisikia bendi. Kila mteja alisema aliisikia. Kopo la ngoma likaanza kuwa zito. Mikidadi akalitikisa mbele ya mkewe na kusema kwamba kwa sabuni iliyobaki atawaita tena vijana wa tarumbeta.

Lakini moyo wa Zuleha haukutulia.

Siku moja alikuja mama mmoja kutoka Marangu, jina lake Salvina, ana kikapu cha ndizi mgongoni. Alinunua sabuni mbili. Mikidadi alimwuliza swali lake, Salvina akacheka, akakubali, na punje ikaingia katika kopo la ngoma. Zuleha alimsindikiza mpaka barabarani.

"Dada," alimwuliza polepole, "bendi uliisikia wapi? Siku ile ninyi mlikuwa sokoni kwenu."

Salvina alisimama akajifuta uso.

"Sikuisikia. Lakini shemeji ameniuliza kwa furaha kubwa. Ningemwambiaje hapana, mtu mwenye kofia kama ile?"

Ndipo akamweleza ukweli. Jirani yake aitwaye Zita alipewa kipande kidogo cha sabuni sokoni Moshi, bure. Alikwenda nacho nyumbani, akasugua doa la utomvu kwenye gauni lake la kanisani. Doa likatoka. Zita akawaita wenzake kutazama.

Zuleha alivijua vipande hivyo. Ni yeye aliyevigawa. Vilikuwa ncha zinazobaki wakati wa kukata, na mumewe alimgombeza kwa kuvitoa bure.

Jioni alimweleza Mikidadi. Mikidadi alikasirika kwanza, akasema wateja wake si waongo. Bi Eunike alikuwepo, akamjibu kwamba si waongo, ila wana adabu. Mgeni hatamvunja moyo mwenye nyumba.

"Kosa ni la swali," alisema. "Umemwekea mtu jibu mdomoni, akakurudishia. Mwulize tu, 'Nini kimekuleta kwetu?' Kisha nyamaza. Na asiulize mwenye kofia. Aulize Zuleha."

Mikidadi alivua kofia. Aliyamwaga makopo yote, akaanza upya. Sasa alikaa uani akikata sabuni, na Zuleha alikaa mlangoni. Kunyamaza kulimpa Mikidadi shida zaidi kuliko kupika sabuni juani. Mara mbili alichungulia, na mara mbili Zuleha alimrudisha kwa jicho.

Bi Eunike aliwaonya wasichanganye mambo. Kwanza wauze bila bendi na bila kugawa, wapate kujua biashara yao ilivyo siku za kawaida. Baada ya hapo ndipo wafanye jambo moja, na walitazame hilo peke yake.

Walipojua sanduku moja huchukua muda gani kwisha, walipanda Marangu siku ya soko. Soko lile ni la kina mama, hivyo Mikidadi alibaki pembeni na mzigo, watu wakimtania wakiuliza kama amekuja kuuza mke au sabuni. Salvina alimchukua Zuleha mpaka karibu na mfongo, yaani mfereji unaoleta maji kutoka mlimani. Waliteka maji kwa ndoo na kufulia mbali, maana watu wa bondeni hunywa maji ya mfongo huo. Zuleha alimwomba mama mmoja kanga yenye doa jeusi. Akasugua, akasuuza, akaitundika juani. Hakutoa hotuba. Kina mama waliishika ile kanga, wakaigeuza upande huu na ule. Kisha kila mmoja akapewa ncha ya sabuni akajaribu kwake.

Baada ya hapo sanduku lililokuwa likikaa wiki nyingi liliisha kabla ya soko lililofuata. Kopo la jani la mgomba lilijaa. Kopo la kanga lilifuatia, na lilikuwa na maharagwe mengi kuliko mahindi. Salvina akaomba apelekewe mzigo wake wa kuuza huko kila siku ya soko.

Kahawa ilipoiva, Alawi alifika kutoka Tanga kumchukua mdogo wake. Alikuta ukuta uko wazi, hauna sabuni hata moja, na pipa linachemka. Mikidadi hakumweleza mengi. Alimpa makopo ayatikise. La jani lilikuwa zito. La kanga lilikuwa zito. La ngoma lilitoa mlio wa punje chache zinazokimbizana.

"Hili nalo?" Alawi aliuliza.

"Hilo ndilo nililolipia zaidi kuliko yote," Mikidadi alisema, na kwa mara ya kwanza alijicheka mwenyewe.

Alawi alicheka naye, akala, akasema kazi ile atampa mtu mwingine.

Zuleha aliinuka. Aliingia ndani, akalifungua sanduku la bati, akatoa shati moja moja na kulitundika tena kwenye msumari wake. Mikidadi alimfuata, akasimama mlangoni.

"Mama Adija," alisema, "treni itaondoka bila mimi. Na nakuahidi, siku nikitaka tena kupiga ngoma, nitakuuliza kwanza makopo yanasema nini. Nawe ukinijibu, nitanyamaza nikusikilize."