Taa ya Mita Arobaini

Mpiga pasi wa hoteli alitoka kazini saa kumi na mbili jioni, mkononi kashika chupa ya jemu. Ndani hamkuwa na jemu. Mlikuwa na maji ya chumvi na kipande cha tumbawe kisichozidi kidole gumba, kimesinyaa, kimenuna. Alikuwa anakwenda kununua taa.

Ya zamani iliungua wiki iliyopita, na tangi la kioo sebuleni kwao likabaki giza. Tangi lilikuwa la marehemu mumewe. Wanaume wengine huacha mashamba na watoto wa nje. Huyu aliacha matumbawe, samaki wawili wa milia na mama yake mzazi. Alikuwa mzamiaji, kazi yake kukagua mabomba chini ya bahari. Siku moja alishuka mita arobaini, hakupanda tena. Walimtafuta siku tisa, wakakata tamaa. Msiba ukakaliwa bila maiti.

Toka siku hiyo mpiga pasi hajalia. Si kwamba alijikaza. Machozi hayakuja, basi. Majirani walimsema weee mpaka wakachoka. Juzi pasi ilimuunguza kiganja, na aliyeshtuka ni mwenzake aliyesikia harufu ya ngozi. Alichotaka ni kimoja tu: amwone mumewe mara moja, hata akiwa maiti, ili kile kilichoganda kifuani kipasuke, alie kama watu.

Duka lilikuwa chini ya ghorofa ya mafundi saa. Hamkuwa na balbu ya kawaida. Mwanga wote ulitoka kwenye matangi. Muuzaji, mtu mwembamba wa sauti ya chini, alikuwa na utaratibu wake: hakuuzii taa mpaka uje na kipande cha tumbawe lako, ili akijaribu kwanza.

"Watu wanachagua taa kwa uzuri," alisema akikihamishia kipande kwenye bakuli. "Wanakosea. Taa ni kina, dada. Mwanga mweupe ni wa maji ya juu. Kadiri unavyoshuka, mweupe unakufa, inabaki bluu. Tumbawe la chini ukilipa jua kali linaungua. La juu ukilipa giza linakufa njaa. Ya kwako yametoka mita ngapi?"

Mpiga pasi jibu alilijua. Mumewe alinunua vipande kwa mfugaji wa matumbawe, vya maji mafupi, mita tano au sita. Alishamsikia akiwaeleza wageni mara mia.

"Arobaini," alisema.

Muuzaji akalitazama bakuli, kisha akamtazama yeye.

"Hili si la huko."

"Mimi nataka taa ya mita arobaini."

Muuzaji akainama chini ya meza, akatoa taa nyeusi, nyembamba, akaiwasha juu ya bakuli. Bluu yake ilikuwa nzito, karibu na weusi. Duka likanuka chumvi... na chuma kilicholowa. Kipande kilichonuna kikafunguka. Vinywa vyake vidogo vyote vikageukia upande mmoja... upande wa mlango.

Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Nyumbani kwako kuna mtu analia?" muuzaji alinong'ona.

"Si mimi."

"Sikuuliza kama ni wewe."

Akaizima taa, akaifunga kwenye gazeti. "Saa mbili tu kwa siku. Na anayelia asikae karibu."

Nyumbani alimkuta mama mkwe kwenye kigoda mbele ya tangi, kama kila jioni, kanga yake imelowa pembeni kwa kufuta macho.

"Umeipata, mwanangu?"

"Nimeipata, mama."

Hapo ndipo angesema, mama, nenda kapumzike chumbani. Maneno yalikuwepo mdomoni. Lakini mama angeuliza kwa nini, na akishaambiwa taa isingewashwa. Kwa hiyo akapanda kiti, akaifunga taa juu ya tangi, akabonyeza swichi.

Sebule ikazama kwenye bluu. Matumbawe yakafunguka yote kwa pamoja, yakageukia kioo cha nyuma. Pampu ya tangi ikanyamaza.

Kisha...

Hhhhhh.

Pumzi. Ndefu, kavu, ya kuvutwa kwenye mpira. Halafu mapovu. Mpiga pasi aliijua sauti ile. Mumewe alikuwa akijaribu mtungi wake wa hewa pale pale sebuleni kila kabla ya safari.

Na sasa alikuwa amesimama nyuma ya tangi, kati ya kioo na ukuta, mahali pasipoingia hata ufagio. Suti nyeusi. Miwani ya kuzamia imesukumwa juu ya paji la uso. Macho yake yalikuwa wazi.

"Mume wangu," mpiga pasi alisema. "Nipo hapa."

Hakumtazama. Macho yalimpita kama mtu anavyotazama ukuta. Mpiga pasi akasubiri kile kitu kifuani kipasuke. Hakikupasuka.

Mama mkwe alikuwa analia polepole, kama siku zote.

"Mwanangu," alisema. "Umekonda sana."

Mzamiaji akanyoosha mkono. Ukapita kwenye kioo bila kukivunja, ukitiririka maji. Mama naye akainua wake.

"Mama, usimshike."

Mpiga pasi alisema kwa sauti ya mtu anayekukaribisha chai. Kidole chake kilikuwa juu ya swichi. Angeizima. Lakini alitaka sekunde moja zaidi, huenda mumewe atageuka. Akampa ile sekunde. Akampa na ya pili.

Hakugeuka.

Alipoizima na kuwasha balbu ya dari, mama mkwe alikuwa bado kwenye kigoda, nguo kavu, sakafu kavu, amekwisha kufa. Daktari alikuta mapafu yamejaa maji ya bahari. Alirudia kuuliza mama alioga wapi siku hiyo.

Baada ya mazishi mpiga pasi alirudi dukani.

"Kule chini, juu na chini havijulikani," muuzaji alisema, bila kuinua uso. "Anafuata kilio, maana ndicho kinachomfikia."

"Na mimi?"

"Wewe usiogope, dada. Wewe hakuoni."

Jioni nne mfululizo aliiwasha taa peke yake. Alijifinya, alifikiria harusi yao, hata vitunguu alikata, na machozi ya vitunguu yalitoka kweli. Hakuja mtu. Samaki wawili walizunguka. Matumbawe yalikuwa yameanza kufa njaa, yakibaki mifupa myeupe.

Siku ya tano wifi yake, dada wa mzamiaji, alipiga simu kutoka safarini. Alichelewa mazishi ya mama yake na hakuwa na la kujitetea. Alilia mpaka maneno hayasikiki. Alisema atafika kesho saa kumi na mbili jioni, na anaogopa kulala peke yake.

"Njoo, wifi," mpiga pasi alimwambia. "Utakaa na mimi."

Akakata simu. Akakisogeza kigoda karibu zaidi na kioo, akakipangusa vumbi.