Dawa ya Dirishani

Jumamosi asubuhi soko la Tandika halina adabu. Mkokoteni unakusukuma mgongoni, muuza vitunguu anakupigia kelele sikioni kana kwamba umemkosea, na harufu ya dagaa inakufuata hadi nyumbani. Katikati ya vurumai ile alisimama Tunu, maiki mkononi, dera la zambarau limemkaa vizuri kuliko alivyotaka, kwa sababu asubuhi ile hakujua kwamba angetoka.

Kazi yake ilikuwa ya ndani. Alikuwa mhariri wa picha katika kituo kimoja cha televisheni pale Kinondoni. Wenzake walirekodi, yeye alikata na kuunga. Lakini mwandishi wa zamu alikuwa ameugua, na Benson, mpiga picha, alikuwa amemvuta mkono.

"Maoni ya wananchi tu, sista. Swali moja: amani ya nchi unaionaje? Tukipata watu watano tunarudi."

Wa nne alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo imesimama, mfuko wa nyanya mkononi.

"Kaka, sisi ni wa televisheni. Amani ya nchi unaionaje?"

"Kwanza salamu, dada. Au siku hizi amani inaanza bila salamu?"

Wauza nyanya wakacheka. Tunu akaona uso unamchemka.

"Haya, habari za asubuhi."

"Nzuri. Amani ipo." Kijana akanyamaza kidogo, kama mwalimu anayesubiri darasa litulie. "Ipo kama dawa ya zahanati. Ukiuliza dirishani, ipo. Ukiugua, imekwisha. Muulize mwenye funguo za stoo anampelekea nani."

Benson akashusha kamera. "Braza, wewe unataka tufungiwe."

Jioni ile Tunu aliiangalia picha mara tatu, na mara mbili kati ya hizo hazikuwa za kazi. Kisha akakata pale pale penye pumzi. Nchi nzima ikamwona kijana yule, Adelard, mwalimu wa Uraia, akisema, "Amani ipo." Maneno mengine yakabaki kwenye maktaba ya kituo.

Siku chache baadaye mlinzi alimwita getini.

"Wewe ndiye uliyenifanyia upasuaji?" Adelard alimuuliza. Shati lilikuwa la bluu safari hii, lakini mikunjo ni ile ile.

"Upasuaji gani tena, mwalimu?"

"Umenikata mikono na miguu, ukaacha kichwa. Mama yangu kanipigia kutoka Muleba. 'Adelard mwanangu, leo umesema kifupi, umependeza.' Mie tangu nizaliwe sijawahi kusema kifupi!"

Tunu alicheka mpaka ushungi ukamteleza. "Basi nikununulie soda nikuombe radhi."

"Soda moja kwa viungo vyote hivyo?"

Ikawa soda, ikawa chipsi, ikawa simu za kila jioni.

"Dawa ipo?" Tunu alikuwa akianza hivyo, badala ya haloo.

"Kwa wengine imekwisha. Kwako dirisha liko wazi, laazizi."

Dini zao zilikuwa mbili. Wote wawili walilijua hilo, wakaliahirisha kama watu wanavyoahirisha jino linalouma.

Adelard alipanga chumba Tandika, nyumbani kwa Bi Munira, mjane mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kugawa chakula. Mwanawe wa pekee, Mudathir, alikuwa fundi wa pikipiki. Alimwita Adelard "Ticha" na kumbishia mpira kila Jumapili. Siku Tunu alipopelekwa pale mara ya kwanza, Bi Munira alimtazama kutoka utosini hadi kandambili.

"Mwalimu, huyu umemtoa wapi?"

"Kwenye televisheni, Bi mkubwa."

"Basi mrudishe mapema, umeme wangu wa luku usije ukaisha." Kisha akamsogezea sahani ya mihogo ya nazi. "Kula, mwanangu. Huko kwenye televisheni hamli?"

Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yao, na haikudumu.

Zikaja siku za vurugu. Barabara zilifuka moshi wa matairi, mtandao ukazimwa, simu zikawa hazishiki, ikatolewa amri ya kutotoka nje. Ajabu, umeme haukukatika. Nchi ilikuwa gizani na taa zinawaka.

Tunu alikwama kazini, akilala juu ya viti. Siku ya pili bosi wake, Stanley, aliingia chumba cha uhariri akiwa na tai shingoni kana kwamba ni Jumatatu ya kawaida.

"Taarifa ya saa mbili nataka mwananchi wa kawaida. Temeke ikiwezekana. Aseme hali ni shwari."

"Bosi, hakuna mwandishi anayeweza kutoka."

"Maktaba zimejaa watu."

Kweli zilijaa. Tunu angeweza kuchukua yeyote. Lakini mikono yake ilikwenda moja kwa moja kwenye soko la Tandika, kwenye shati jeupe. Hakuwa amesikia sauti ya Adelard tangu mtandao uzimwe. Na alimkumbuka Mama Auleria, mama yake Adelard kule Muleba, aliyekuwa hakosi taarifa ya habari hata jua lichwe mara mbili. Mama yule sasa alikuwa akiikodolea macho runinga, mwana yuko Dar, simu haishiki. Akimwona mwanawe amesimama, anapumua, anasema amani ipo, atalala.

Picha ya zamani huwekewa neno "Maktaba" pembeni, mtazamaji asidanganyike. Hiyo ni sheria ya kwanza wanayofundishwa wahariri. Tunu hakuliweka. Angeliweka, mama angejua kwamba picha ni ya zamani na roho isingemtulia.

Stanley hakuuliza. Taarifa ikaruka hewani.

Kule Muleba, Mama Auleria alipiga ishara ya msalaba, akawaita majirani, akalala usingizi wa mtoto mchanga.

Kule Tandika, maiti ya Mudathir ilikuwa imelazwa sebuleni.

Alikuwa ametoka mchana kwenda kufunga kibanda chake. Risasi ilimkuta kwenye kona. Ilitoka wapi, kila aliyeona alisema hakuona. Wanaume wa mtaa walikaa barazani wakisubiri asubuhi wazike, Adelard kati yao, macho mekundu. Duka la jirani lilikuwa limeacha runinga wazi. Wote waliisikia sauti, na wote waliijua.

"Amani ipo."

Mtu mmoja alihamisha kiti chake. Kisha mwingine.

"Hiyo ni ya zamani," Adelard alisema. "Jamani, hiyo ni ya zamani. Nilisema na mengine."

"Mbona hatukuyasikia?" aliuliza Salumu, rafiki wa Mudathir.

Asubuhi jeneza lilitoka. Pwani jeneza halina mwenyewe: kila mwanaume anaingiza bega, anatembea nalo hatua chache, anampisha mwenzake, Mwislamu, Mkristo, mlevi, wote. Kumzika jirani ni deni la kila aliye hai. Adelard alijongea, akaingiza bega. Salumu akaweka mkono katikati ya bega lile na ubao.

"Pumzika, Ticha. Amani ipo."

Aliwafuata nyuma hadi makaburini, peke yake, kama mgeni aliyepotea njia.

Simu ziliporudi, ya kwanza ilikuwa ya Mama Auleria, ya pili ya Tunu.

"Dawa ipo? Adelard! Alhamdulillahi, u mzima?"

"Nani alikutuma?"

"Nini, mpenzi?"

"Nakuuliza nani alikutuma uniweke. Stanley? Au ulijituma?"

"Nilijituma. Kwa ajili ya mama. Nilitaka alale."

"Amelala. Kanipigia, kafurahi. Mudathir naye amelala, Tunu. Na mie mtaa mzima unanitazama kama nilimwimbia bembelezi."

Akakata simu.

Tunu hakulia sana. Hakuwa na uso wa kulia. Alinakili picha nzima kwenye simu yake, akajitanda kanga nyeusi juu ya gauni la kijivu, akaenda Tandika. Bi Munira alikuwa jikoni, anachambua mchele ambao hakukuwa na mtu wa kuula.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba."

"Bi mkubwa, mwalimu hakusema vile. Mie ndiye niliyemkata. Tazama." Akamshikia simu. Adelard wa sokoni akasema yote: amani, zahanati, dirisha, funguo za stoo.

Bi Munira alitazama hadi mwisho. Kwenye mlango wa chumba chake Adelard alikuwa amesimama, akisikiliza.

"Kumbe alisema," Bi Munira alinong'ona. "Kumbe mwanangu alisema." Mkono wake ukatafuta pindo la kanga, akajifuta. Kisha macho yakarudi kuwa makavu. "Ile nyingine mliionyesha wapi?"

"Kwenye taarifa ya habari."

"Nchi nzima?"

"Nchi nzima, Bi mkubwa."

"Na hii unanionyesha mie, jikoni, kwenye simu, sauti umeipunguza." Akaurudia mchele wake. "Uongo mnautangazia nchi, ukweli mnaninong'oneza penye masufuria. Kaiweke pale pale ulipoiweka ile. Siku hiyo mtaa utajua mwalimu ni nani, na mie nitamwita tena mwanangu mbele ya watu."

Nje, Adelard alimshika Tunu mkono kwa mara ya kwanza tangu vurugu.

"Umejitahidi."

"Nitaiweka," Tunu alisema. "Wallahi nitaiweka."

Alianza kwa mlango wa mbele.

"Tunu, nchi ni kama bibi harusi," Stanley alimwambia, akilegeza tai. "Dunia nzima inatazama. Humpigi picha bibi harusi akiwa anakohoa."

"Bosi, huyu hakohoi. Anatapika damu."

"Basi mfute, halafu tupige picha." Akatabasamu kwa huzuni ya kweli, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye watoto shuleni. "Hiyo picha sijaiona. Na wewe hujanionyesha."

Ukabaki mlango wa nyuma. Jioni iliyofuata Tunu ndiye aliyekuwa akiunga taarifa, peke yake. Aliiingiza picha nzima katikati ya habari, baada ya bei za mazao. Kidole kwenye kitufe. Kisha akafanya jambo ambalo angelijutia maisha yake yote: akapiga simu.

"Adelard, ipo ndani. Yote. Nikibonyeza, nchi inakusikia kabla hawajaizima."

Upande wa pili mlango ulisikika ukifungwa kwa komeo.

"Na kesho yake?"

"Kesho sijui."

"Mie najua. Nikodemu, mwalimu mwenzangu, alifuatwa kwake na gari lisilo na namba. Mkewe hadi leo anazunguka vituo vya polisi kumuulizia. Mie nina mama, Tunu."

"Bi Munira naye alikuwa na mwana."

"Unanifundisha Uraia?" Sauti yake ilipasuka. "Ubaoni naandika wajibu wa raia, namba moja hadi saba. Naujua! Lakini naogopa. Umesikia? Naogopa. Usibonyeze, mpenzi wangu. Nakuomba."

Tunu aliifuta. Bei za mazao zikafuatiwa na mpira. Alijisikia nafuu, kazi ipo, kesho ipo. Na ile nafuu ndiyo iliyomtia aibu kuliko uongo wa kwanza.

Muhula ulipofungwa, Adelard aliomba uhamisho kwenda kwao. Bi Munira alipokea funguo za chumba. Alimwitikia "Marahaba," hakuongeza "mwanangu."

Stendi ya Mbezi siku ile ilijaa mabegi na kelele za wapiga debe. Adelard alivaa lile shati jeupe la Tandika, ila halikupigwa pasi. Tunu alikuja na baibui jeusi, mkononi chupa ya maji na korosho za safari.

"Kwa nini ulinikataza?" Tunu alimuuliza. "Ungesema neno moja tu. Bonyeza. Ningebonyeza."

"Kwa nini uliniuliza?"

"Kwa sababu ni sura yako, ni maisha yako!"

"Mara ya kwanza hayakuwa maisha yangu?" Hakupandisha sauti; afadhali angepandisha. "Ulipokuwa na uongo hukuniuliza, ukautangaza. Ulipopata ukweli ndipo ukakumbuka kuomba ruhusa. Mie ni mwoga, Tunu, nilikwishajijua barazani siku ile. Nilitaka mtu mmoja asiyeuomba uoga wangu ruhusa."

"Na mie nilitaka mtu mmoja atakayeniambia nisiogope."

Walitazamana, wakaelewana kabisa, na kuelewana kule hakukuwasaidia kitu. Kondakta akapiga ubavu wa basi. Adelard alizipokea korosho, akamgusa shavu kwa mgongo wa kidole, akapanda.

Wiki kadhaa zilipita kabla Tunu hajapata ujasiri wa kupiga. Alikuwa ameketi kitandani kwake Kinondoni, nywele wazi, kanga kifuani. Simu iliita muda mrefu, kisha ikapokelewa.

"Dawa ipo?" aliuliza taratibu.

Adelard alisikika akipumua. Nyuma yake sebule ya Mama Auleria ilikuwa na sauti za bakuli na vijiko, na muziki ambao Tunu aliujua kama anavyoujua mlango wa kwao: taarifa ya habari ilikuwa inaanza. Swali likaulizwa. Mwanamke mmoja, muuza samaki wa Temeke, akajibu.

"Amani ipo."

Sauti ikakatwa pale pale penye pumzi, palipokatwa mchana ule na mkono wa Tunu. Yule muuza samaki alikuwa ameendelea kusema, na Tunu aliyakumbuka maneno yote.

"Umesikia, Adelard?" aliita Mama Auleria kwa furaha. "Huko Dar shwari!"

"Nimesikia, Mama," Adelard alisema, na simu ikakatika.