Pole Si Samahani

Kila asubuhi ya likizo, nyumba yao iliamshwa na cherehani. Mama alianza kushona hata kabla ya chai, maana sikukuu ilikuwa inabisha hodi na kila mteja aliitaka nguo yake tangu jana. Chumba cha mbele kilijaa vitambaa, nyuzi, na pini zilizokuwa zikivizia nyayo za watu. Kazi ya binti wa nyumba hiyo ilikuwa kuokota pini, kuosha vyombo na kupiga deki. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kwa jinsi alivyopenda kusema, nyumbani na shuleni walimwita Chiriku.

Likizo hiyo walikuwa na mgeni. Alikuwa kijana mmisionari, ametoka nchi ya mbali kuja kujitolea kwa mwaka mmoja. Mchana alipaka rangi wodi ya watoto katika hospitali ya kanisa. Jioni alirudi na madoa mpaka kwenye nyusi. Watoto wa jirani walimwita Kaka Mgeni. Hakuwa amemaliza wiki, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinatambaa.

"Siku ya sikukuu mimi nitalia kidogo," alisema asubuhi moja wakinywa chai.

"Utalia? Nani atakuwa amekupiga?" Chiriku aliuliza.

"Kwa furaha. Nitapiga simu kwa mama yangu."

Kwa maneno na kwa mikono, akaeleza kwamba watu wa utume wake huandika barua mwaka mzima, na siku ya sikukuu peke yake ndiyo hupiga simu nyumbani. Mama yake alikuwa amehama, na namba yake mpya ilikuwa ndani ya simu tu. Akajigonga kichwa. "Hapa haipo. Hapa kuna rangi."

Wote wakacheka. Kisha akaenda zake kanisani, ambako alifundishwa lugha kabla ya kwenda kazini. Simu akaiacha dirishani, chumbani mwake.

Chiriku alipoingia kupiga deki chumba kile, macho yake yalikwenda moja kwa moja dirishani. Jana yake Kaka Mgeni alikuwa amemwonyesha picha ya mama yake akiwa amesimama kwenye theluji, anacheka. Alitaka kuiona tena, mara moja tu. Lakini mikono ilikuwa na sabuni. Simu ikamteleza kama samaki, ikatumbukia chubwi! ndani ya ndoo.

Aliitoa haraka, akaifuta kwa gauni, akaibonyeza. Giza. Akaibonyeza tena. Giza lile lile. Mwishowe akairudisha dirishani, akailaza vile vile ilivyokuwa.

Jioni Mama alikuwa ametoka kupeleka nguo za mteja. Kaka Mgeni akatokea mlangoni na simu mkononi.

"Imekufa," alisema polepole. "Asubuhi ilikuwa nzima."

"Pole, Kaka," Chiriku akasema. Neno lenyewe lilimtoka tu. Mtu akijikwaa huambiwa pole, akiugua pole, akichoka pole.

Kaka Mgeni akamtazama. Akashusha pumzi ndefu, akaweka mkono kifuani. "Nimekusamehe, mdogo wangu."

Chiriku akahisi masikio yanawaka. Amenisamehe? Amejuaje? Nani kamwambia? Na kama anajua, mbona hagombi? Yeye alizoea kwamba ukikosea unagombezwa, unalia, yanaisha. Haya ya kusamehewa kabla ya kushtakiwa hakuyaelewa kabisa. Akainama kuokota pini, akajichoma kidole.

Mama aliporudi alimkuta amekaa kimya pembeni ya cherehani.

"Chiriku wangu leo vipi? Umemeza pini?"

"Hapana, Mama."

"Basi umekuwa bubu? Haya, mimi nitapata muda wa kupumzisha masikio."

Baba naye akaingia, vumbi la saruji likiwa limemjaa nywele, kwani alikuwa mwashi. Alipomwona Kaka Mgeni ameketi na madoa yake ya rangi, akamwambia kwa uchangamfu, "Pole na kazi, kijana!"

"Nimekusamehe, Baba."

Baba akabaki na kiatu kimoja mkononi. "Umenisamehe? Nimefanya nini tena?"

"Umesema pole."

"Ndiyo, nimesema pole na kazi."

"Ndiyo. Na mimi nimekusamehe. Mwalimu amenifundisha leo."

"Pole, mwanangu," Mama akadakia, "nadhani hujamwelewa..."

"Na wewe nimekusamehe, Mama."

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. "Haya! Tumesamehewa wote, twende tukalale!"

Chiriku peke yake hakucheka. Kumbe! Kumbe Kaka Mgeni hakujua lolote! Alidhani pole na samahani ni neno moja, basi kila aliyempa pole alimpa msamaha. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesema. Kesi ilikuwa imekwisha kabla ya kufunguliwa. Alipaswa kufurahi. Mbona basi furaha haikuja?

"Simu yangu imekufa," Kaka Mgeni aliwaambia wazazi. "Labda ina njaa. Nitaipa umeme usiku wote."

Akainama kutafuta soketi ukutani.

Chiriku akaikumbuka redio yao ya zamani. Ilinyeshewa, Baba akaichomeka bila kujua, ikatoa moshi, na haikusema tena. Akinyamaza sasa, simu itaungua, na namba ya yule mama wa kwenye theluji itaungua nayo. Akisema, huyu kaka aliyemwita mdogo wangu atamtazama kwa macho gani?

Waya ulikuwa umeshagusa soketi.

"Usichomeke!" akapiga kelele. "Ina maji! Mimi ndiye niliyeitumbukiza ndani ya ndoo. Ile pole yangu, Kaka... haikuwa samahani."

Kaka Mgeni akawageukia wazazi. "Pole si samahani?"

"Pole ni ya kumfariji aliyeumia, hata kama si wewe uliyemuumiza," Baba akamweleza. "Samahani ni ya aliyekosa."

Kaka Mgeni akaukunja waya. "Basi leo nimesamehe watu bure," alisema. Hakutabasamu. Akachukua simu yake akaingia chumbani.

Chiriku akaanza kulia. "Mama, nimesema ukweli. Mbona ndiyo kwanza naumia?"

Mama alikuwa na shati mapajani, anakata nyuzi za mkono wa shati hilo kwa wembe. "Mkono huu niliushona kinyume," alisema. "Ningeweza kuupiga pasi ukapendeza kwa macho, lakini mwenye shati angeuvaa mara moja tu, aibu ikanikuta. Kwa hiyo nafumua. Kufumua hakupendezi, binti yangu. Lakini ndiko kunakokupa nafasi ya kushona upya."

Asubuhi Kaka Mgeni alimgongea Chiriku mlango. "Bado nina hasira kidogo," alisema waziwazi. "Lakini twende kwa fundi. Mimi sina maneno. Wewe unayo mengi."

Njiani Chiriku hakuyatumia maneno hayo mengi. Aliyatunza mpaka kwenye kibanda cha fundi simu.

"Ilianguka ndani ya maji ya deki," akamwambia fundi. "Yalikuwa na sabuni. Ni mimi niliyeiangusha, na haijachomekwa."

Fundi akavua miwani, akamtazama vizuri. "Afadhali wewe! Watu huniletea simu inachuruzika maji, wananiapia ilikuwa imelala kabatini. Basi nahangaika kutafuta ugonjwa wasioutaja." Akaifungua, akaisafisha, akasema iachwe ikauke. "Ingechomekwa jana, leo ningekupeni pole tu. Simu nisingeipata."

Siku ya sikukuu, chumba cha mbele kikiwa kimya kwa kuwa cherehani ilikuwa imefunikwa, ile simu, iliyokwisha kupona kwa fundi, iliita mbali, ng'ambo. Uso wa mama mmoja ukatokea kwenye kioo. Kaka Mgeni akalia, si kidogo kama alivyoahidi. Kisha akamwita Chiriku, akamsogeza mbele ya kioo.

"Samahani, Mama," Chiriku alisema. Akamgeukia kijana. "Samahani, Kaka. Niligusa kisicho changu, nikakiharibu, nikaficha."

Kaka Mgeni akatafsiri. Mama yule akasema maneno machache, akatabasamu.

"Amesemaje?"

"Amesema amekusamehe. Na mimi nimekusamehe." Akaweka mkono kifuani. "Safari hii si bure."

Baadaye, wakiondoa vyombo mezani, Mama alimshika Chiriku bega. "Umeona? Pole tunaigawa kutwa nzima, na ni neno zuri, mwanangu, liendelee kugawiwa. Lakini ukikosa, usijifiche nyuma yake. Samahani ina uzito kwa sababu inakuja na ukweli wake mgongoni."

"Nimeelewa, Mama. Na pole na kazi ya jana."

"Nimekusamehe," Mama akajibu, na nyumba nzima ikaangua kicheko, Kaka Mgeni akiwa wa kwanza.