Boga Lililoshinda Utepe

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Chiriku aliuchukua utepe wa kupimia nguo kwenye cherehani ya mama yake na kukimbia nao bustanini. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Huko alilizungushia boga lake utepe, akiliongelesha jinsi lilivyonenepa.

Halikufika hapo kirahisi. Kwanza wadudu walitoboa majani yote, yakabaki manne. Kisha mbuzi wa jirani akaingia na kutafuna nusu ya mche kana kwamba amealikwa. Chiriku alilia, akafuta machozi, akaziba ua kwa miiba. Mche ulipochipua tena, aliyakata maboga machanga yote isipokuwa moja, ili hilo moja lipate chakula chote. Roho ilimuuma. Nalo likafura, likafura, hadi utepe ukashindwa kulizunguka.

"Mama! Utepe hautoshi!"

Mama alitoka na pini mdomoni. Alilitazama kwa muda mrefu, akizitoa pini moja moja. "Makubwa haya!" akasema. Jioni ile alishona tepe mbili pamoja.

Zilipobaki siku tatu kabla ya mashindano ya shule ya boga zito zaidi, Chiriku aliingiwa na tamaa. Bwana shamba alikuwa amewaonya wanafunzi: wakati wa ukame, maji kidogo kidogo. Yeye akamwaga ndoo sita kwa mpigo. Kesho yake alikuta ufa karibu na kikonyo, mrefu kama kidole, umepenya hadi ndani. Tangu mwaka ule mzazi mmoja alipotia mawe ndani ya boga ili lizidi uzito, kanuni ilikuwa moja: lililopasuka halishindani.

Akayeyusha mshumaa, akaziba ufa kwa nta, akapaka udongo juu. Siku mbili hakuugusa utepe. Mama alidhani anaumwa.

Siku ya mashindano, wanaume wanne walilibeba boga kwa turubai. Uwanja mzima ulisogea kulitazama.

"Jamani, hilo ni boga au kochi?" mpishi wa shule aliuliza.

Hata Ngumi wa darasa la saba, aliyetamba wiki nzima na boga lake, alivua kofia. "Nimekubali," akasema. "Umelima kweli."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku. Bwana shamba alipoisogeza mizani, Chiriku akasema, "Subiri, bwana shamba. Lina ufa. Nililimwagia maji mengi, kisha nikauziba kwa nta."

Bwana shamba alikwangua udongo kwa kucha, akashusha pumzi. "Basi halishindani, binti." Watu wakaguna. "Lakini tutalipima. Haiwezekani tuondoke hapa bila kujua uzito wake."

Kilo tisini na mbili! La Ngumi lilikuwa thelathini na nane. Ngumi alipokea zawadi, jembe jipya, kisha akamfuata Chiriku moja kwa moja. "Naomba mbegu mbili," akasema. Nyuma yake watu walikuwa wameshaanza kupanga foleni.

Nyumbani, mama alimkalisha karibu na cherehani. "Mimi nikikosea mshono, naufumua mbele ya mteja. Naona aibu, lakini kesho anarudi. Nikiuficha, utafumuka akiwa ameivaa nguo, na hataniamini tena. Leo umefumua mwenyewe, mwanangu. Ukikosea tena, fanya hivyo hivyo."

Chiriku aliukunja utepe mrefu taratibu. "Mwakani ushone tepe tatu, mama."

"Nitashona," mama akacheka. "Ila maji, ndoo moja moja."