Binti wa Kwenye Mvua

Yaliyompata kaka yangu sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo, cherehani yangu ikiwa kwenye kona ya sebule yake, mguu wangu kwenye pedeli. Anayetaka kucheka na acheke. Mimi nilicheka wa kwanza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kaka alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya umeme. Wenzake walimwita Jicho, maana aliona doa kwenye picha ambalo hata aliyeitengeneza runinga hakuliona. Zilipoingia zile runinga bapa za picha kali, meneja alimkabidhi ukuta mzima, runinga kumi na mbili, akamwambia atafute filamu za kuzionyesha. Basi kaka akawa hana habari na mtu. Alirudi nyumbani na mfuko umejaa diski, akakaa mbele ya runinga pua ikikaribia kugusa kioo.

Mimi nilidhani filamu ya kujaribia ni ya mabomu na magari yanayoruka. Kaka alinidharau waziwazi.

"Moshi na makelele vinaficha," alisema. "Tafuta nywele. Tafuta maji, ngozi ya mtu, na nguo nyeusi ndani ya chumba chenye giza. Mteja akiona mikunjo ya nguo nyeusi gizani, amekwisha."

Filamu ya nyuki aliitupa, eti wateja walikuwa wanajikuna. Ya milima ya barafu akasema ni nzuri, ila nani ana shida na barafu? Mwishowe akapata moja ya kimyakimya, ya familia moja ya wakulima, filamu ambayo hata aliyemuuzia alimshangaa. Katikati yake, mtoto wa kike wa miaka sita hivi anakatiza uani mvua ikinyesha. Anageuka, uso wake unajaa kioo, na unaweza kuhesabu kope zake moja moja, kila moja na tone lake. Nyuma yake kuna mlango wazi. Ndani ni giza, na gizani amesimama mwanamke aliyevaa nguo nyeusi, mama yake, anamsubiri.

Hapo ndipo kaka alipoigandisha picha, mtoto mguu mmoja hewani. Akimaliza na mteja, aliirudisha nyuma. Hakuwahi kumwacha yule mtoto afike mlangoni.

Siku moja nilimpelekea mapazia ya duka nikamkuta kazini. Mume na mke walikuwa wamesimama mbali, mikono kifuani, watu wa kutazama tu. Kaka akaigandisha picha, akatabasamu.

"Huyu ni binti yangu," aliwaambia. "Chiriku. Tulimrekodi nyumbani. Sogeeni mumwone."

Wakasogea. Mke akasema, "Jamani, mtoto mzuri!" Mume akagusa kioo kwa kidole. Runinga ikauzwa.

"Wewe ni mwongo wa kupindukia," nilimwambia, huku mbavu sina.

"Mteja hasogelei mtoto wa filamu, mdogo wangu. Anasogelea mtoto wa mtu."

Chiriku wa kweli alikuwa binti yake wa pekee, naye alikuwa na miaka sita. Jina hilo nilimpa mimi kwa sababu alikuwa haachi kuongea. Anaongea akila, anaongea akipiga mswaki. Habari za dukani zilimfikia shuleni. Alirudi amenuna.

"Baba, yule si mimi."

"Ni biashara tu, mwanangu," kaka alimjibu, akambusu utosini.

Kwa miezi mitatu kaka alimwita yule mtoto wa filamu mwanangu, mara tano au sita kila siku, mbele ya watu.

Kisha Chiriku akaanza kuganda.

Mara ya kwanza nilidhani anatania. Alikuwa ananisimulia ugomvi wa darasani, akanyamaza katikati ya neno, mdomo wazi, mguu mmoja hauko sakafuni. Dakika mbili hivi. Kisha akaendelea na neno lilelile, pale pale alipoliachia, kama hakuna kilichotokea. Nilimwambia wifi, mke wa kaka, alipotoka kazini. Wifi alimpeleka hospitali. Daktari alisema kuna watoto hupotewa na fahamu kwa muda mfupi, akatuomba tuandike saa kila inapotokea.

Mimi ndiye niliyeshinda naye mchana, kwa hiyo niliandika kwenye daftari langu la vipimo, kati ya viuno na mabega ya watu. Saa nane na robo. Saa tisa kasoro dakika tano. Saa kumi kamili, mara mbili. Baada ya wiki moja nilimsomea kaka mezani.

Alikuwa anatafuna. Akaacha.

"Rudia Jumatano," alisema.

"Saa nane na robo, dakika nne."

"Jumatano saa nane na robo nilikuwa na mteja, daktari wa meno. Alikaa muda mrefu akitazama." Akalivuta daftari kwake. "Saa kumi ni wale mapacha, kila mmoja alitaka aone peke yake."

Hata mimi nisiyeamini mambo hayo, nywele zilinisimama. Kesho yake kaka alikwenda kazini, akaitoa ile diski, akaifungia kwenye droo yake. Siku tisa Chiriku aliongea bila kukatika. Nilimshukuru Mungu kwa makelele yale.

Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi, kaka yuko mapumzikoni, amelala kwenye kochi. Wifi alikuwa kazini. Nje jua lilikuwa kali na nguo zilikuwa zimekauka kambani. Chiriku alikuwa ananisaidia kushona.

"Shangazi, shika mka—"

Mkono umenyooka. Mkasi uko hewani.

Tulisubiri dakika mbili, tukasubiri tano. Kaka alipiga simu dukani, iliita tu. Akapiga tena. Dakika kumi na tano. Alitoka mbio bila viatu vya maana, akarukia pikipiki ya kwanza.

Nilibaki naye. Nilimshika mashavu, yalikuwa baridi. Nikamwita jina lake. Nikamtukana, nikamwomba, nikalia. Hakupepesa. Halafu niliona macho yake yanang'aa, nikasogea nitazame vizuri.

Kila kope ilikuwa na tone la maji.

Simu ililia. Kaka alikuwa ananong'ona.

"Mwenzangu amevunja droo. Ameiweka kwenye zote kumi na mbili, kaigandisha, akaenda kunywa chai."

"Zima!"

"Nikizima akiwa amesimama hivi, nitajuaje kama atarudi?"

Mkononi mwangu shavu lilizidi kuwa baridi.

"Irudishe nyuma kama siku zote."

"Rimoti inagoma. Inakubali kwenda mbele tu."

"Basi iache iende," nilisema. "Kaka, iache iende."

Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha nikasikia mvua, mvua ya runinga kumi na mbili.

"—si," alisema Chiriku. Mkasi ukaanguka. "Shangazi, mbona unalia?"

Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Kwenye simu kaka alikuwa bado ananong'ona, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi.

"Hakwenda mlangoni."

"Nani?"

"Mtoto. Naijua hii filamu. Anakimbilia kwa mama yake, wanaingia ndani. Leo amekuja huku. Amekuja mbele, akajaza kioo, akawa mkubwa kuliko kioo. Sasa uani hakuna mtu. Mama yake kasimama peke yake anatazama huku na huku."

Alirudi jioni na ile diski mfukoni, vipande viwili. Alimbeba Chiriku mpaka akasinzia begani kwake. Tulidhani yamekwisha.

Asubuhi wifi aligundua mto wa Chiriku umelowa. Alimgombeza, kisha akanusa, akanipa na mimi ninuse. Ulinuka udongo uliopigwa na mvua. Kesho yake hivyo hivyo. Tukaona pia kwamba Chiriku siku hizi analala ukingoni kabisa, amejibana, amemwachia mtu nafasi.

"Si mimi ninayelowesha," alituambia. "Ni yule mwingine. Anasema baba alimwita."

Wifi ni mwanamke mpole. Siku ile hakuwa mpole.

"Ulimwita kwa mdomo wako," alimwambia kaka. "Mfukuze kwa mdomo wako. Leo hii, kabla sijamchukua mwanangu nikaondoka."

Ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi. Mimi nilikuwa jikoni nampa Chiriku chai. Kaka alisimama kwenye mlango wa chumba cha mtoto, akatazama kitanda kitupu. Alijikohoza. Nadhani aliona aibu. Halafu akasema kwa sauti, ile sauti yake ya dukani inayofika kila kona:

"Chiriku, wewe si mwanangu. Nilidanganya. Sikutaki hapa. Nenda kwa mama yako."



Jikoni, Chiriku aliweka kikombe mezani taratibu, asimwage. Alinitazama. Nilinyoosha mkono nimvute kwangu.

"Sawa," alisema.

Akashuka kwenye kiti, akaenda kusimama kwa mama yake.

Tulimweleza. Kaka alimpigia magoti, akamweleza mara mia, machozi yakimtiririka. Mtoto alitikisa kichwa kwamba ameelewa. Lakini tangu saa ile hakumwita tena baba. Asubuhi alimwambia "Shikamoo" kama anavyowaambia wateja wangu, kisha akanyamaza. Yeye, Chiriku, mtoto wa makelele. Kaka aliacha kula, hata kazini akawa haendi. Alikuwa anakaa sebuleni akimsubiri atoke shule, anamnunulia hiki na kile. Anapewa "Asante" tu, ya heshima, ya mgeni.

Mto haukulowa tena. Tulisema angalau hilo limeisha.

Wiki tatu zikapita. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Chiriku yuko shule, nilimpeleka mwenyewe. Wifi yuko kazini. Kaka alikuwa kwenye kochi amejifunika shuka, runinga imezimwa. Siku hizo haiwashi. Nilikuwa nashona kola.

Chumbani kwa mtoto, sauti ndogo ikasema:

"Baba."

Niliondoa mguu kwenye pedeli. Gurudumu la cherehani likazunguka, likasimama.

"Baba."

Kaka aliinua kichwa. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima umekunjuka vile. Wiki tatu alikuwa hajalisikia neno hilo.

"Usiitike," nilinong'ona. "Kaka, nakuomba. Mwanao yuko shule. Usiitike."

Alinitazama. Alikuwa amenisikia na ameelewa, hilo nina hakika nalo. Aliweka shuka pembeni, akasimama, akaenda mpaka mlango wa chumba.

"Naam, mwanangu," alisema.

Akaingia. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Nilibaki pale kwenye cherehani, nikitega sikio. Hakukuwa na sauti, ila kaka akiimba chinichini, kama anavyombembeleza mtoto. Alitoka baada ya nusu saa, akarudi kwenye kochi, akaniomba chakula. Alikula chote. Nilimtazama akitafuna. Upande mmoja shati lake lilikuwa limelowa chapachapa, begani, pale mtoto anapolaza kichwa.