Pima Kumi na Mbili

"Kipanga, hapa Mnara. Wamekuona. Usiwaachie!"

Tausi, aliyeitwa Kipanga redioni, alisukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho. Injini mbili za Yamaha za boti yake zikanguruma.

Ilikuwa saa nne asubuhi, baharini nje ya Moa. Mbele yake boti nyeupe yenye wageni wanne ilikuwa inakimbilia mpaka wa Kenya. Wamebeba kisanduku cha njano. Ndani yake mna ramani ya sakafu ya bahari kuu ya Tanga, kazi ya miaka sita ya watafiti wetu. Nakala ni hiyo hiyo moja. Wakivuka nayo, watayajua ya chini kabla ya wenye bahari.

Tausi akachomoa bastola yake ya Glock. Risasi mbili.

Injini ya wageni ikafuka moshi na kuzima. Mmoja wao akakitupa kisanduku majini.

"Mnara, wamekitosa!"

Mnara alikuwa Mzee Sadalla, mkuu wa kituo cha Tanga. Ndiye aliyemwingiza Tausi kazini, tena ndiye aliyesimama mahali pa marehemu baba yake siku ya ndoa yake.

"Basi kimekwenda, mwanangu. Hapo ni mita mia nne. Giza tupu, na uzito wa maji unabonyeza chuma. Redio haipenyi huko. Chombo cha kufika hatuna, na wenye navyo wanahesabika. Unadhani kwa nini sehemu kubwa ya bahari hajaiona mtu? Rudi."

Yote kweli. Hata kipima kina cha Garmin kilisoma 412. Kilikuwa kimetoka kutengenezwa ofisini juzi, kwa amri ya Sadalla.

Lakini maji yalikuwa ya kijani.

Maji ya mita mia nne huwa meusi ti. Nani wa pwani asiyejua hilo?

Tausi akatoa mfukoni chubwi, kile kidude kizito cha mshipi wa kuvulia. Sadalla alimpa siku ya kwanza ya mafunzo. Akakifunga, akashusha mshipi, akihesabu pima kwa kunyoosha mikono yake.

Tano. Tisa. Kumi na mbili.

Mshipi ukalegea.

Mita ishirini na mbili tu! Sadalla alikuwa amemdanganya. Iliuma. Afadhali wale wageni wangempiga risasi.

Hakumwita Mnara tena. Alipiga simu makao makuu waje kuwakamata wageni, kisha akavaa mtungi wa hewa na kuzama.

Saa nane mchana alimkuta Sadalla ofisini, anakunywa kahawa.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Pole na..."

Akakiona kisanduku, kinachuruzika maji kwenye zulia lake.

"Wangekuja kukiokota baadaye, sivyo?" Tausi aliuliza.

"Nani angeuliza, Tausi? Ya chini huko hakuna anayeyajua."

"Ndiyo maana ukauficha uongo wako huko." Akaweka chubwi mezani, taratibu. "Mwenyewe ulinifundisha. Mashine ikisema, nihakikishe kwa mkono."

"Mwanangu, ngoja kwanza..."

"Wageni wako wameshakamatwa. Askari wamesimama mlangoni."

Alitoka, akawapisha askari waingie, akavaa miwani ya jua na kuwasha pikipiki.

Alikwenda nyumbani Nguvumali, kuishusha ukutani picha ya harusi aliyosimama na Sadalla.